KITABU KISICHOSOMEKA
Jinsi wasioona walivyokwenda kusema mbele ya watunga sheria

Mwaka jana, wakati wa likizo ya Juni, msichana mmoja wa kigango chetu aliletwa na mdogo wake katika ofisi ya parokia. Msichana huyo haoni tangu alipougua surua akiwa mdogo. Yu katika Kidato cha Tatu, katika shule ya mbali ambamo wanaoona na wasioona husoma pamoja. Alinisalimu, "Shikamoo, mwalimu," maana watu wa hapa huniita mwalimu ijapokuwa siku hizi kazi yangu ni ukarani. Nikaitikia, nikamwuliza haja yake. Akatoa katika mfuko wake kitabu cha hadithi na simu.

"Mwalimu," alisema, "nakuomba unisomee kitabu hiki, na simu inase sauti yako. Baadaye nitakisikiliza mwenyewe kila nitakapo. Mtihani utatoka humu, na shuleni hakipo cha nukta nundu. Wenzangu wamekwisha kukisoma mara mbili."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Lakini karani ana desturi ya kusoma kila karatasi kuanzia mwanzo wake. Nikafungua ukurasa wa pili, nikakuta maneno tunayoyaona katika vitabu vingi: haki zote zimehifadhiwa, ni marufuku kunakili, kurekodi au kutoa sehemu yoyote ya kitabu hiki bila idhini ya mchapishaji. Nikasita. Nikamwambia, "Binti yangu, hapa pamekatazwa."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, aliyeandika katazo hilo alijua kwamba mimi nipo?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba aniachie kitabu hicho siku chache, nikaandika barua kwa chama cha wasioona kuuliza sheria yasemaje. Majibu niliyopata yalinifungulia habari ndefu ambayo, naona, yafaa isomwe katika kila nyumba yenye mtoto anayesoma. Ni habari ya watu wasioona waliokwenda mpaka Geneva na Marrakesh kuwaambia watunga sheria kwamba wao nao wapo.

HAKIMILIKI NI KITU GANI

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mtu akilima shamba lake, mavuno ni yake. Vivyo hivyo mtu akiandika kitabu, akitunga wimbo au akipiga picha, kazi hiyo ni jasho lake, wala si haki mtu mwingine aichape na kuiuza bila ya kumpa chochote. Haki hiyo huitwa hakimiliki. Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya inayo sheria yake ya mwaka 2001. Mataifa nayo yana mapatano kati yao, na lililo kuu ni Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaosema kwamba kwa kawaida kazi ya mwandishi italindwa muda wote wa uhai wake na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake.

Sheria hiyo ni njema, wala makala haya hayakuandikwa ili kuipinga. Mwandishi naye ana watoto wanaotaka karo. Lakini kila ua lahitaji mlango, na sheria za hakimiliki zina milango yake: ruhusa ndogo ndogo za kunukuu, za kufundishia, za maktaba, na kadhalika. Shida ni hii: ni nani anayeitwa wakati milango hiyo inapopangwa? Asiyeitwa hasemi, na asiyesema husahauliwa.

NJAA YA VITABU

Zamani, kumpatia asiyeona kitabu kulikuwa kazi ya mikono. Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka akiwa mtoto, ndiye aliyetunga yale maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa ncha za vidole, ambayo sisi huyaita nukta nundu. Kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa kuwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa makubwa, na Biblia nzima hujaza rafu.

Siku hizi kompyuta imepunguza taabu hiyo sana. Kitabu kikiwa ndani ya kompyuta chaweza kusomwa kwa sauti na mashine, chaweza kukuzwa herufi kwa mwenye uoni hafifu, au chaweza kupelekwa kwenye mashine ya kupiga nukta nundu. Chaweza pia kutumwa kutoka bara hadi bara kwa dakika moja. Mtu angedhani kwamba wasioona sasa wana vitabu tele. Lakini haikuwa hivyo, na sababu zilikuwa tatu.

Sababu ya kwanza: kukigeuza kitabu kuwa sauti au nukta nundu ni kukinakili, na kunakili kwahitaji idhini. Barua za kuomba idhini zilichukua miezi, na nyingine hazikujibiwa kabisa. Sababu ya pili: vitabu vinavyouzwa kwa njia ya kompyuta mara nyingi hutiwa kufuli za kidijitali ili visiibiwe, na kufuli hizo zaweza kuizuia pia ile mashine ya kumsomea asiyeona. Sababu ya tatu, na kubwa kuliko zote: ruhusa iliyotolewa na sheria ya nchi moja iliishia mpakani.

Tutazame mifano miwili. Kitabu cha pili cha hadithi za Harry Potter kilipotoka kwa Kiingereza, vyama vya kuwasaidia wasioona katika nchi mbalimbali vililazimika kutengeneza matoleo matano ya nukta nundu yaliyofanana kabisa, kila chama kwa gharama yake, kwa kuwa sheria haikuwaruhusu kupeana toleo moja. Hispania nako chama cha wasioona kilikuwa na maktaba ya vitabu zaidi ya 100,000, lakini wasioona wa Amerika ya Kusini wanaosema Kihispania hicho hicho hawakuweza kuletewa. Bwana Pablo Lecuona wa Argentina, mtu asiyeona aliyeanzisha mwaka 1999 maktaba ya kompyuta iitwayo Tiflolibros, alikuwa mmoja wa wale waliokwenda kuyaeleza hayo mbele ya wakubwa.

Umoja wa Wasioona Duniani ukaiita hali hiyo njaa ya vitabu. Ulikadiria kwamba katika nchi tajiri ni vitabu 5 hadi 7 tu katika kila 100 vilivyoweza kusomwa na asiyeona, na katika nchi maskini havikufika hata kimoja katika 100. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kwamba mwaka 2010 watu milioni 285 ulimwenguni walikuwa na kasoro ya kuona, na kati yao milioni 39 hawakuona kabisa. Wengi wao, kama tisa katika kila kumi, walikuwa katika nchi kama zetu.

VYUMBA VYA GENEVA

Mambo ya hakimiliki kati ya mataifa huzungumzwa mjini Geneva, katika Uswisi, kwenye Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, ambalo kwa kifupi huitwa WIPO. Humo imo kamati ya hakimiliki. Wenye kuamua ni serikali. Lakini vyama visivyo vya serikali vyaweza kuandikishwa kuwa watazamaji: huketi nyuma, na mwenyekiti akiwapa nafasi husema baada ya serikali kusema. Hawahesabiwi katika uamuzi.

Viti hivyo vya nyuma si vya maskini tu. Vyama vya wachapishaji, vya watengeneza filamu na vya watengeneza muziki vilikuwa vikivikalia miaka mingi, vikiwa na wanasheria wao na fedha za safari. Hawakukosea kuja, maana walikuwa wanatetea mali yao. Lakini ikiwa anayeuza ndiye peke yake anayesema, na msomaji yuko nyumbani hana habari, sheria itaelemea upande mmoja hata kama hakuna mwenye nia mbaya. Wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nao ukweli ni kwamba shida ya wasioona ilijulikana zamani. Mwaka 1985 taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya WIPO na UNESCO ilikwisha kuieleza. Kisha ikawekwa kabatini, na miaka zaidi ya ishirini ikapita. Uchunguzi mwingine uliotolewa na WIPO mwaka 2007 ulionyesha kwamba nchi zenye ruhusa ya namna hiyo katika sheria zao hazikufika hata 60.

Sisi makarani twajua sana jambo hili. Karatasi haiendi yenyewe kutoka kabatini hadi mezani. Lazima awepo mtu wa kuiulizia leo, na kesho, na kesho kutwa.

WALIKUJA NA MAANDISHI MKONONI

Mwaka 2008 Umoja wa Wasioona Duniani uliamua kwamba malalamiko peke yake hayatoshi. Pamoja na chama kimoja cha Marekani kiitwacho Knowledge Ecology International, kinachoshughulikia haki ya watu kupata elimu na dawa, waliwaita wataalamu wa sheria, wakaketi, wakaandika mkataba mzima, ibara kwa ibara. Mwisho wa mwaka huo wakaupeleka Geneva.

Tuliangalie vizuri tendo hilo, maana ndilo lililobadili mambo. Mtu akija akilia, wakubwa humhurumia, kisha hurudi katika kazi zao. Mtu akija na maandishi yasemayo, "Ibara hii isomeke hivi," basi hawana budi kuyasoma, na kuyakubali au kueleza kwa nini wanayakataa.

Lakini kumbuka kwamba watazamaji hawana uamuzi. Ilipasa ipatikane serikali ya kuyabeba maandishi hayo. Mwezi wa Mei 2009 nchi tatu, Brazil, Ecuador na Paraguay, zikayaweka mezani kuwa yao. Hapo mjadala ukaanza kweli kweli.

Upinzani haukuwa mdogo. Wachapishaji waliogopa kwamba nakala za wasioona zingevuja katika intaneti na kuua biashara yao. Wengine waliona kwamba mlango huu mmoja ukifunguliwa, kesho watakuja walimu na wenye maktaba kuomba wafunguliwe wa kwao. Nchi kadhaa tajiri zilisema mkataba hauhitajiwi, yatosha mapatano ya hiari kati ya wachapishaji na wasioona. Kufikia mwaka 2010 kulikuwa na mapendekezo manne mezani: la nchi za Amerika ya Kusini, la nchi za Afrika, la Umoja wa Ulaya na la Marekani.

Pendekezo la Afrika lilikuwa na uzito wake. Wajumbe wetu walisema: wasioona wana njaa ya vitabu, ndiyo, lakini shule zetu na maktaba zetu nazo zina njaa, basi yote yatatuliwe pamoja. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini wasioona walihofu kwamba mzigo ukiwa mkubwa mno hautainuka. Mwishoni ilikubaliwa wasioona watangulie, na mambo ya shule na maktaba yaendelee kujadiliwa. Nisingependa kuyaficha hayo, kwa kuwa watu wengi hudhani vyama vya wananchi vina sauti moja siku zote. Havina. Navyo hubishana, na kujua kupeana zamu ni sehemu ya hekima.

Wasioona waliendelea kwenda Geneva, kikao baada ya kikao, wakiongozwa na watu kama Mama Maryanne Diamond wa Australia, asiyeona mwenyewe, aliyekuwa rais wa Umoja wao tangu 2008 hadi 2012. Mwezi wa Septemba 2010 alikuja kuwasaidia Stevie Wonder, mwimbaji mashuhuri wa Marekani asiyeona tangu utoto. Aliwaomba wajumbe wa mataifa wamalize kazi, akawaahidi kwamba wakiimaliza atakuja kuwaimbia.

MARRAKESH, JUNI 2013

Mwezi wa Desemba 2012 WIPO ikaamua uitishwe mkutano mkuu wa kufunga mapatano, na Moroko ikajitolea kuupokea katika mji wa Marrakesh. Ulifunguliwa tarehe 17 Juni 2013, na wajumbe zaidi ya 600 walihudhuria.

Hata huko mambo nusura yaharibike. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya neno moja. Baadhi ya nchi zilitaka kwamba kabla ya kutengeneza au kutuma nakala, maktaba ihakikishe kwanza kwamba kitabu cha namna hiyo hakiuzwi katika nchi ya msomaji. Neno hili laonekana la haki, sivyo? Lakini wasioona waliuliza: mtunza maktaba wa Hispania atajuaje kinachouzwa katika duka la mji mdogo wa Paraguay? Akishindwa kujua, ataogopa kushtakiwa, na akiogopa hatatuma. Mlango utakuwa wazi katika karatasi na umefungwa katika matendo.

Hapo ndipo ilipoonekana faida ya kuwa na mtu aliyekilalia kitanda. Mwanasheria aliyeandika neno lile hakuwa na nia ya kuwanyima watu vitabu. Ila hakuwahi kukaa katika maktaba ya wasioona akipokea maombi kutoka nchi ishirini. Waliokaa humo walikuwepo nje ya mlango, wakiulizwa na wajumbe wakati wa mapumziko, wakijibu, wakieleza. Mwisho neno lile likalegezwa: nchi ipendayo yaweza kuliweka katika sheria yake, lakini halikufanywa sharti kwa wote.

Tarehe 27 Juni 2013 mkataba ukapitishwa. Kesho yake nchi 51 zikatia sahihi, na Stevie Wonder akaja akaimba kama alivyoahidi.

MKATABA WASEMA NINI

Kwa maneno mafupi, Mkataba wa Marrakesh wazitaka nchi wanachama zifanye mambo haya.

Kwanza, sheria ya nchi itoe ruhusa ya kutengeneza nakala za nukta nundu, za sauti, za herufi kubwa au za kompyuta kwa ajili ya wasioona, bila ya kungoja idhini ya mwenye hakimiliki. Ruhusa hiyo yawahusu pia wenye uoni hafifu, wale ambao herufi huwachanganya kwa sababu ya kasoro ya kusoma, na wale wasioweza kushika kitabu au kufungua kurasa kwa sababu ya ulemavu wa mwili.

Pili, taasisi zilizokubaliwa, kama maktaba, shule na vyama visivyotafuta faida, ziweze kutumiana nakala hizo kutoka nchi hadi nchi.

Tatu, kufuli za kidijitali zisiwe sababu ya kumnyima asiyeona haki aliyopewa.

Hofu ya wachapishaji nayo ilisikilizwa: nakala ni kwa walengwa tu, na taasisi zinazozitoa zapaswa kuzitunza na kuweka kumbukumbu. Tena nchi yaweza kuamua katika sheria yake kama mwandishi atalipwa kitu. Hivyo mwandishi hakuporwa, na msomaji hakuachwa nje.

Limo na neno jingine dogo lililonigusa mimi karani. Kati ya njia ambazo mkataba wataja za kutekeleza ruhusa hiyo, moja ni kwamba asiyeona mwenyewe, au mtu anayefanya kwa niaba yake, aweza kutengeneza nakala kwa matumizi ya huyo asiyeona peke yake, mradi kitabu chenyewe kimepatikana kwa njia halali. Neno hilo la "kwa niaba yake" liliwekwa na watu waliojua kwamba katika vijiji vingi hakuna maktaba ya wasioona, ila kuna ndugu, jirani au mwalimu mwenye macho.

SAHIHI PEKE YAKE HAITOSHI

Mkataba ulihitaji nchi 20 zijiunge ndipo uanze kazi. India ilikuwa ya kwanza, mwaka 2014. Kanada ilikuwa ya ishirini, na mkataba ukaanza kazi tarehe 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018, na Tanzania mwaka 2020. Leo umekwisha kuzienea nchi zaidi ya 100. Tangu mwaka 2014 upo pia muungano ulioanzishwa chini ya WIPO wa kuziwezesha maktaba za wasioona kupeana vitabu kwa njia ya kompyuta.

Hata hivyo mkataba ni kama mbegu ghalani. Usipopandwa katika sheria ya nchi, na sheria isipopandwa katika shule na maktaba, hakuna atakayekula. Watu wa Afrika ya Kusini walilijua hilo kwa uchungu. Sheria yao ya hakimiliki ya mwaka 1978 haikuwa na ruhusa kwa wasioona. Bunge lao lilipitisha muswada wa kuirekebisha mwaka 2019, lakini mwaka 2020 rais akaurudisha bungeni kwa sababu ya mashaka juu ya ibara nyingine. Wasioona wakawa wanangoja kwa ugomvi usio wao. Ndipo chama chao, Blind SA, kikaenda mahakamani. Tarehe 21 Septemba 2022 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba sheria ile ilivunja haki za wasioona, ikaweka maneno ya ruhusa yatumike wakati Bunge likiendelea na kazi yake.

Chama hicho kilikwisha kusema, kikasikilizwa, kikaahidiwa, kikacheleweshwa, kikasema tena mahali pengine. Kazi ya kusema haikomi siku ya kupiga picha na kushikana mikono.

SISI TUFANYE NINI

Pengine msomaji atasema: hayo ni mambo ya Geneva na ya mahakama kubwa, sisi wa kijijini tutafanya nini? Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini sheria za hakimiliki hutungwa hapa kwetu pia, na zinaendelea kurekebishwa kwa sababu ya simu na kompyuta. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya misingi ya taifa. Katika Tanzania, kamati za Bunge hukaribisha wadau kutoa maoni juu ya miswada. Tusipokwenda sisi, watakwenda wengine.

Najua haifanyiki kwa urahisi. Nimewahi kuona tangazo la kukaribisha maoni likitufikia baada ya siku ya mwisho kupita, tena limeandikwa kwa Kiingereza kigumu cha kisheria. Mambo kama hayo yatupasa kuyalalamikia kwa adabu lakini bila ya kuchoka: tangazo lije mapema, lije kwa Kiswahili, na lije kwa namna ambayo asiyeona naye aweza kulisikia. Kumwita mtu kwa karatasi asiyoweza kuisoma si kumwita.

Kutokana na habari hii ya Marrakesh, naona mambo manne tunayoweza kuyaiga.

Tuwajue watu wetu. Katika kila kigango tuandike ni watoto wangapi wasioona au wenye uoni hafifu, wanasoma wapi, na wamekosa vitabu gani. Mbunge akisikia "wasioona wana shida" atatikisa kichwa. Akisikia "katika kata yako watoto saba wanafanya mtihani bila ya kitabu hiki na hiki" ataandika.

Tusiende peke yetu. Vipo vyama vya wasioona, vyama vya walimu na vya wazazi. Barua moja yenye majina ya vyama vitatu husomwa kabla ya barua tatu zenye jina moja moja.

Tuseme tunachotaka, wala tusiishie kusema tunachokosa. Wale wa Geneva walikwenda na ibara zilizoandikwa.

Tena tuwaache wenye shida waseme wenyewe. Mimi mwenye macho naweza kushika kalamu, lakini maneno yawe yao. Watu wenye ulemavu wana msemo wao ulimwenguni kote: lolote lituhusulo lisiamuliwe bila ya sisi.

Basi, yule msichana je? Jibu la chama lilipofika, nilimwita. Kitabu kilikuwa kimenunuliwa na baba yake dukani, kwa hiyo kilipatikana kwa halali. Nilimsomea jioni sita, baada ya kufunga ofisi, na sauti imo katika simu yake kwa ajili yake mwenyewe, wala hakumtumia mwingine. Jioni ya kwanza alinikatiza. "Mwalimu," alisema akicheka, "usisome kama unatangaza ndoa. Polepole, watu wa hadithi wapate kuongea." Nikajirekebisha.

Jioni ya mwisho aliniomba nisiondoke kwanza. Alitaka kuandika barua kwa mbunge wetu juu ya vitabu vya nukta nundu na vya sauti katika shule yake. Alisema, nikaandika. Nilipotaka kubadili sentensi moja ili iwe na heshima zaidi, alikataa, nami nikaiacha kama alivyoisema. Chini yake alitia dole gumba, na mimi nikaandika kwamba nimeshuhudia.

Jibu bado hatujapata. Mwezi huu tunaandika ya pili, na safari hii wazazi wa vigango vinne wametia sahihi zao.